Acheni kuniambia Kiribati ni nchi ndogo

Ameniandikia mteja mwingine. Ana likizo ya siku saba, amesoma mahali kwamba Kiribati, taifa la visiwa katika Pasifiki, ina kilomita za mraba 811, akalinganisha na Pemba, akakuta Pemba inaizidi. Basi akanipangia ratiba mwenyewe: siku mbili Tarawa, siku mbili Kiritimati, siku moja "visiwa vya katikati", kisha kurudi. Boti atakodi hukohuko. Jedwali amelipaka rangi, na nakiri limependeza.

Sina ugomvi naye. Ila barua hiyohiyo hunifikia kila msimu wa likizo ikiwa na jina jingine chini, na hii imenifika shingoni. Nakata tiketi za Pasifiki kwa ajili ya kula yangu, kwa hiyo naandika mara moja, ili atakayekuja na jedwali lake nimtumie kiungo nikaendelee na kazi.

Hiyo 811 ni nchi kavu peke yake. Uikusanye yote, ukwangue kila ufuo na kila kichaka cha minazi, uirundike mahali pamoja, ndipo utapata hicho kipande kisichofika Pemba. Lakini hakuna aliyeirundika. Imetawanywa katika visiwa 33, na kutoka Banaba upande wa magharibi hadi kisiwa cha mwisho mashariki ni zaidi ya kilomita 4,000. Bahari iliyo chini ya mamlaka ya nchi hiyo ni takribani kilomita za mraba milioni 3.5, yaani karibu mara mbili ya Tanzania, Kenya na Uganda zikijumlishwa. Humo ndani ndimo unamotaka kuruka huku na huko kwa boti ya kukodi.

Ratiba ya mteja wangu inavunjika hapa: Tarawa, ulipo mji mkuu, na Kiritimati viko mbali kwa takribani kilomita 3,300. Kiritimati iko karibu zaidi na Honolulu, Marekani, kuliko na serikali yake. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya abiria kutoka Tarawa kwenda Kiritimati imekuwa kutoka nje ya nchi: unapanda ndege hadi Nadi, Fiji, kama kilomita 2,200 kusini, unalala, unangoja ndege nyingine, kisha unaruka kilomita 3,500 hivi kurudi kaskazini mashariki ndani ya nchi ileile uliyoiacha. Ndege za mstari wa Kiritimati hazipiti kila siku. Ukikosa moja, mara nyingi umekosa wiki. Mwananchi wa kule akitaka kumzika ndugu yake upande wa pili, huo ndio mtihani wake. Wewe mwenye siku saba unataka kupumzika ndani yake.

Na hivyo "visiwa vya katikati"? Hiyo ni Phoenix. Visiwa vinane, na penye watu ni kimoja tu, Kanton, chenye makumi machache ya watu wanaotunza mahali pa serikali. Hakuna hoteli, hakuna ndege ya ratiba, na Kanton yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Tarawa na vilevile kutoka Kiritimati. Siku moja!

Nimejiuliza sana kosa hili linatoka wapi, maana wanaolifanya si wajinga. Nadhani mchawi ni ramani. Ramani nyingi tulizokua nazo madarasani zina Afrika katikati, na karatasi inaishia palepale kwenye meridiani ya 180, ule mstari wa kaskazini hadi kusini ulio upande wa pili wa dunia kutoka Greenwich. Kiribati imeukalia mstari huo. Matokeo yake Gilbert, kundi la visiwa liliko Tarawa, inaning'inia ukingo wa kulia, Phoenix na Line, kundi liliko Kiritimati, zimetupwa ukingo wa kushoto, na hakuna jicho linaloweza kuviunganisha. Mchora ramani naye, akiona nafasi haitoshi, anavikusanya vikundi vyote vitatu kwenye visanduku vilivyobanana pembeni, kila kimoja na kipimo chake. Msomaji anatazama visanduku vinavyogusana na kudhani visiwa navyo vinaonana. Nikipewa ramani ya namna hiyo ya kubandika ofisini naigeuza uso ukutani.

Basi tuvipange upya. Magharibi kuna Gilbert, visiwa 16, ndiko Tarawa iliko na ndiko idadi kubwa ya watu inakoishi. Pembeni yake, peke yake, Banaba. Katikati Phoenix. Mashariki Line, ambako Kiribati ina vinane. Vitatu vilivyobaki vya mnyororo huo ni vya Marekani. Kwa kukaa hivyo juu ya ikweta na juu ya meridiani ya 180, Kiribati ndiyo nchi pekee yenye ardhi katika nusu zote nne za dunia. Hilo mnalijua, kila mtu hunitajia. Lakini anayelitaja ndiye huyohuyo anayetaka boti ya kuzungukia nusu hizo nne.

Hata hiyo 33, nami naiandika kwenye barua za wateja, inategemea unachokiita kisiwa. Atoli moja ni pete ya matumbawe yenye vipande vingi vya ardhi vinavyotengana maji yakijaa na kushikana yakipwa. Tarawa inahesabiwa kisiwa kimoja, na wewe utaihesabu vingi ukiitazama kutoka dirishani. Ukubwa nao ni hivyohivyo: Kiritimati hupewa kilomita za mraba 388, karibu nusu ya nchi kavu yote ya taifa, lakini ndani yake kuna madimbwi ya chumvi yasiyohesabika na wangwa mpana, ile bahari ya ndani ya pete, na kila mpimaji huamua mwenyewe aishie wapi. Vitabu huandika namba moja kana kwamba mtu alipita na futi kamba.

Sasa Krismasi. Kiritimati ndiyo ile ambayo ramani za Kiingereza huiita Christmas Island, baada ya James Cook kufika hapo mkesha wa Krismasi mwaka 1777. Kuna Christmas Island nyingine, ya Australia, katika Bahari ya Hindi kusini mwa Java, maarufu kwa kaa wekundu. Uwanja wa Kiribati una msimbo CXI, wa Australia XCH. Mwenye kukata tiketi mwenyewe usiku akiwa na usingizi anaona neno Christmas, anabonyeza, analipa. Nimepokea simu za watu waliokwisha lipa. Mmoja alinijibu, "Lakini dada, si yote ni visiwa vya Krismasi?" Ndiyo kaka, na katikati yake kuna Indonesia nzima na nusu ya Pasifiki.

Tarehe ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko yote, nami nitaikalia kidogo. Hadi mwisho wa 1994 mstari wa tarehe, ule unaotenganisha leo na jana kwenye ramani, uliikata nchi vipande viwili. Tarawa ikiwa Jumatatu, Line ilikuwa Jumapili. Line ikiwa Ijumaa, Tarawa wameshafunga ofisi za Jumamosi. Ofisi za serikali moja zilikuwa na siku nne tu kwa wiki za kufanya kazi pamoja. Kuanzia Januari 1995 serikali ikaihamishia Phoenix na Line upande wa tarehe ya Tarawa, na tangu hapo ramani zinachora ule mgongo mkubwa uliochomoza kuelekea mashariki. Watu huniuliza nani aliruhusu. Hakuna wa kuruhusu. Mstari wa tarehe haukuwekwa na mkataba wowote. Kila nchi huchagua saa yake, na wachora ramani hufuata nyuma na kalamu. Ndiyo maana ramani mbili zilizochapwa mwaka mmoja zinaweza kuuchora tofauti na zote zisiwe na kosa.

Kwa msafiri maana yake ni hii. Nairobi au Dodoma ikiwa saa sita mchana, Tarawa ni saa tatu usiku, Kanton saa nne usiku, Kiritimati saa tano usiku, na tarehe ni moja kote. Sawa. Lakini Kiritimati na Honolulu saa zao za ukutani zinafanana kabisa, isipokuwa tarehe. Ukiondoka Honolulu Jumanne asubuhi unatua Kiritimati baada ya kama saa tatu, na ni Jumatano. Ukirudi, unaondoka Jumatano na kufika Jumanne, siku moja kabla ya kuondoka. Tiketi itaandika hivyo na si kosa la mashine, usinipigie. Wageni huweka chumba cha Jumanne, wanafika Jumatano, na mwenye nyumba ameshampa mtu mwingine kitanda.

Na hilo la "kuliona jua la kwanza duniani" nawaombeni tulipunguze. Line huingia tarehe mpya kwanza, kweli, kwa sababu saa yake iko mbele ya zote. Kuchomoza kwa jua ni habari nyingine. Januari mosi, kusini kabisa kule Antaktika jua halitui hata kidogo, kwa hiyo mashindano ya nani kaliona kwanza yanategemea nani kaandika kanuni. Serikali ilikibadilisha jina kisiwa cha Caroline, katika Line, kikawa Millennium Island kwa ajili ya sherehe za mwaka 2000. Siwalaumu. Ningekuwa na kisiwa pale ningefanya vilevile.

Halafu lile linalosemwa kwa sauti ya msiba: "Nataka kwenda kabla haijazama." Hapa sina jibu safi. Sehemu kubwa ya ardhi iko mita mbili au tatu tu juu ya bahari, na bahari inapanda. Hapo hakuna ubishi. Lakini utafiti uliochapishwa 2010 ulipima visiwa 27 vya atoli za Pasifiki kwa picha za zamani na mpya ukakuta vingi vilibaki na ukubwa uleule au viliongezeka, kwa kuwa mawimbi humega upande mmoja na kurundika mchanga wa matumbawe upande mwingine. Wengine hulidaka hilo kusema hakuna tatizo. Tatizo lipo, ila huanzia kisimani. Maji matamu ya atoli ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi chini ya mchanga. Wimbi likipanda ardhini mara moja, au ukame ukidumu, kisima kinakuwa chumvi na mashimo ya babai, kile kiazi kikubwa cha majimajini, yanaharibika. Kisiwa kinaweza kuonekana kimekaa salama kwenye picha ya setilaiti na bado kisikalike. Mwaka 2014, wakati wa Rais Anote Tong, serikali ilinunua ardhi Vanua Levu, Fiji. Serikali iliyofuata ikaizungumzia zaidi kama shamba kuliko kama mahali pa kuhamia. Ukifika, usimuulize mwenyeji wako atahamia lini. Ameulizwa na kila mgeni mwenye kamera.

Mengine kwa haraka. Uhuru kutoka Uingereza ni 12 Julai 1979. Watu ni karibu 120,000, na zaidi ya nusu wamebanana Tarawa Kusini. Fedha ni dola ya Australia. Beba noti, hasa ukitoka nje ya Tarawa. Joto ni lilelile mwaka mzima, mvua ndiyo hutofautiana: Butaritari, kaskazini mwa Gilbert, hupata zaidi ya mara mbili ya Kiritimati, na mwaka wa El Niño hata Kiritimati kavu hulowa. Usinywe maji ya kisima bila kuchemsha. Usiogelee wangwani Tarawa Kusini, watu ni wengi na vyoo havitoshi; vuka uende Tarawa Kaskazini au Abaiang, atoli ya jirani. Ndani ya maneaba, jumba la mikutano la kijiji, keti chini kwanza, na usipite mbele ya wazee umesimama wima. Mtu wa pwani akiona mgema juu ya mnazi atajisikia nyumbani, ila karewe ni tembo tamu, bado mbichi. Iliyochacha ina jina lake na wenyewe.

Betio, kipande cha Tarawa Kusini, ina mizinga ya Wajapani bado imekaa ufukweni tangu vita vya Novemba 1943. Wamarekani walifika wakati wa maji mafu, bahari haikujaa vya kutosha kuvuka mwamba, vyombo vikakwama, askari wakatembea majini chini ya risasi. Karibu Wamarekani elfu moja walikufa kwa siku tatu, na upande wa pili zaidi ya elfu nne, wakiwemo vibarua Wakorea. Kwa hilo peke yake Tarawa inastahili siku zako.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye wiki moja: chagua upande. Ukitaka watu, historia na maneaba, ni Tarawa, pamoja na Abaiang hali ya bahari ikiruhusu, ukipitia Fiji. Ukitaka ndege wa baharini kwa mamia ya maelfu na kuvua samaki kwa ndoano kwenye maji ya magotini, ni Kiritimati. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akipangiwa kupita Honolulu ajue kwamba Marekani hudai viza hata kwa anayeunga ndege tu, kwa hiyo mwambieni wakala awapitishe Nadi, na muulize masharti ya Fiji kabla hujalipa. Ukiniandikia, taja jina la kisiwa na msimbo wa uwanja. Jedwali la rangi unaweza kulileta baadaye.