Mahaba ya mizungu: penzi, uchawi uliokatazwa na koo zenye kisasi

Kiswahili bado hakijakubaliana jina moja la riwaya zinazosuka penzi na uchawi pamoja. Wapo wanaosema hadithi za mapenzi na majini, wapo wanaosema mapenzi ya kichawi, na vijana wanaozisoma kwenye simu kipande kwa kipande hulitamka jina la Kiingereza, romantasy, kama lilivyo. Mimi nitaziita riwaya za mahaba ya mizungu. Mahaba hayahitaji maelezo. Mizungu ni mambo ya ajabu na maarifa ya siri, neno lilelile linalotumika kwa mafunzo anayopewa mwari akiwa ndani. Linafaa, kwa sababu katika riwaya hizi uchawi ni kitu unachofundishwa na wakubwa wako, kisha unaapishwa usikitoe nje.

Maana yake ni hii: ni riwaya ambayo uti wa mgongo wake ni penzi la watu wawili, na katika dunia yake uchawi, mizimu, majini au viumbe wasio binadamu wapo kweli. Neno "kweli" nalitilia mkazo. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, ina mzimu hata kwenye jina, lakini Bwana Msa anapomaliza upelelezi wake muuaji ni binadamu kama wewe na mimi. Hiyo ni riwaya ya upelelezi. Katika mahaba ya mizungu mchawi ni mchawi hadi ukurasa wa mwisho, na hakuna anayekuja kutueleza kwamba kumbe yalikuwa mazingaombwe.

Ukitaka kujua kama riwaya uliyoshika ni ya kundi hili, iondolee penzi kichwani mwako. Ikiwa bado inasimama, kwamba kuna mfalme wa kupinduliwa au kitabu cha siri cha kutafutwa, basi ulikuwa unasoma hadithi ya kichawi ambayo ndani yake kuna wapenzi. Halafu rudisha penzi, ondoa uchawi. Kama kinachowazuia wapendanao kuoana hakikubadilika hata kidogo, uchawi ulikuwa pambo tu. Katika riwaya iliyosukwa vizuri huwezi kutoa kimoja bila kingine kuporomoka.

Kuna sharti jingine ambalo wasomaji wengi wapya hawaambiwi. Nchini Marekani, chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi, Romance Writers of America, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimezoea kuzitambua riwaya hizo kwa mambo mawili: penzi liwe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Kwa hiyo msomaji anaponunua kitabu cha namna hii ameahidiwa jambo. Wapendanao watateswa, watatenganishwa, pengine mmoja atakufa na kurudi, lakini watakuwa pamoja. Kuna wanaodhani ahadi hiyo inaua mashaka yote. Mimi sioni hivyo. Ukijua kwamba watafika, swali linalokukosesha usingizi ni watalipa nini njiani.

Msomaji wa pwani au wa Dar es Salaam atasema: haya si ndiyo mambo ya jini mahaba? Vinakaribiana, lakini si kitu kimoja. Jini mahaba, kama anavyosimuliwa mitaani kwetu, humwingia mtu bila kuitwa, humwonea wivu, huvuruga posa na kuvunja ndoa, na mwisho wake ni kutafuta mtu wa kumtoa. Huyo ni mgonjwa na adui yake. Katika mahaba ya mizungu, yule asiye binadamu, au yule mwenye damu ya uchawi, anachaguliwa. Aliyempenda anajua kilichomo ndani yake na bado anasema ndiyo. "Ndiyo" hiyo ndiyo ambayo koo mbili zinainuka kuizuia.

Tuje basi kwenye koo. Uhasama wa kurithi si jambo la kubuni, na kisa kimoja cha Marekani kinaonyesha vizuri jinsi unavyofanya kazi. Kando ya mto Tug Fork, kwenye mpaka wa Kentucky na West Virginia, waliishi ukoo wa Hatfield na ukoo wa McCoy. Mwaka 1878 walipelekana mahakamani kwa sababu ya nguruwe. Mwaka 1880 Johnse Hatfield, mtoto wa mkuu wa ukoo wao, alikutana na Roseanna McCoy, binti wa mkuu wa upande wa pili, siku ya uchaguzi ambapo familia zote zilikusanyika. Roseanna akaenda kuishi kwa akina Hatfield, halafu akarudi. Ndugu zake walipomkamata Johnse, ni yeye aliyepanda farasi usiku kwenda kumwarifu baba yake Johnse, adui wa baba yake mwenyewe, ili akamwokoe. Johnse aliokolewa. Mwaka uliofuata alimwoa Nancy McCoy, binamu yake Roseanna.

Mwaka 1882 kaka watatu wa Roseanna walimuua Ellison Hatfield, nao wakafungwa kwenye miti wakapigwa risasi. Siku ya mwaka mpya wa 1888 nyumba ya baba yake Roseanna ilichomwa moto na ndugu zake Roseanna wawili wakauawa. Ukikisoma kisa hicho utaona kwamba uhasama wa koo ni zaidi ya chuki. Ni sheria kamili: inasema nani ni wa kwetu, nani unaweza kumsalimu, deni la damu linalipwa na nani. Ndiyo maana waandishi wa mahaba hawachoki nao. Mwandishi anapata sheria iliyo tayari, ambayo kila mhusika ameizaliwa ndani yake, na wapendanao wanaivunja kwa kutazamana tu.

Kisa cha Roseanna hakina uchawi, na hakina mwisho wa matumaini. Mwandishi wa mahaba ya mizungu huchukua mifupa kama hiyo akaweka kitu cha tatu katikati: uchawi uliokatazwa. Hapa ndipo riwaya nyingi zinapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uchawi uliokatazwa na nani? Swali hilo lazima lijibiwe mapema. Dola inaweza kukataza: serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928. Dini inaweza kukataza. Lakini katazo lenye nguvu zaidi katika riwaya hizi ni la ukoo wenyewe, kwa sababu linatoka kwa watu wanaokupenda. Bibi anajua talasimu fulani na hafundishi. Kitabu kimefungwa ndani ya sanduku. Jina la babu mmoja halitajwi mezani. Baadaye tunagundua kwamba babu huyo na uhasama wa koo mbili ni habari moja: uchawi ule ulitumiwa mara moja, mtu wa upande wa pili akadhurika, na tangu siku hiyo katazo na kisasi vimelelewa nyumba moja kama mapacha. Mwandishi akiviacha viwili hivi vitembee mbalimbali, riwaya inakuwa na matatizo mawili yasiyojuana. Akivifunga pamoja, mtoto anayempenda mtoto wa adui anakuwa amegusa kovu lenyewe.

Na katika makatazo yote, lililo karibu zaidi na moyo wa riwaya za mapenzi ni lile la kumfanya mtu apende kwa nguvu ya dawa. Sisi tuna neno lake, limbwata, na mara nyingi tunalitamka tukicheka. Lakini hofu iliyo ndani yake ni ya zamani na ni nzito. Sura ya Al-Baqara, aya ya 102, inawataja Haruti na Maruti kule Babeli, na kwamba watu walijifunza kwao mambo ya kumtenganisha mume na mkewe. Kati ya madhara yote ambayo sihiri ingeweza kufanya, aya imetaja la ndoa. Uingereza nako, sheria ya uchawi ya mwaka 1604, wakati wa mfalme James I, iliorodhesha miongoni mwa makosa kutumia uchawi ili kumtia mtu penzi lisilo halali: mara ya kwanza kifungo cha mwaka mmoja, mara ya pili kifo.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, tamthilia ya Shakespeare iitwayo Othello ilichezwa katika jumba la mfalme huyo. Mwanzoni kabisa mzee Brabantio anamshtaki Othello kwamba amemroga binti yake, kwa sababu haingii akilini mwake kwamba Desdemona angeweza kumpenda mtu yule kwa hiari. Desdemona anaitwa mbele ya wakuu wa Venice, anajieleza mwenyewe, na shtaka linaanguka. Tamthilia ile inaishia kwenye vifo, kwa hiyo si mahaba ya mizungu. Lakini shtaka la Brabantio ndilo shtaka ambalo kila familia katika riwaya hizi hulitoa: mtoto wetu hajapenda, amerogwa. Riwaya nzuri hailipuuzi. Inamwacha hata msichana mwenyewe ajiulize usiku kama moyo huu ni wake, au kuna mkono wa mtu ndani yake. Kama mwandishi ameweka uchawi wa kupendesha kisha hajamfanya mhusika aogope hivyo, mimi hukifunga kitabu.

Siku hizi katazo hupewa sura ya mkataba. Katika riwaya ya Deborah Harkness ya mwaka 2011, A Discovery of Witches, wachawi na vampaya, yaani viumbe wanaonyonya damu, wamefungwa na makubaliano ya zamani yanayowazuia kuchanganyika, na kuna baraza la kuyasimamia. Mchawi na vampaya wakipendana, wamevunja sheria ya jamii zao zote mbili. Mashine ni ileile ya Tug Fork, ila sasa deni la damu lina maana mbili.

Bei ya uchawi nitaitaja kwa ufupi, maana inajieleza. Kila tendo la kichawi lidai kitu kwa anayelitenda: kumbukumbu, miaka ya umri, sauti, mtoto. Sisi tuliolelewa na masimulizi ya kafara hatuhitaji kufundishwa hili. C. G. Mung'ong'o katika Mirathi ya Hatari, mwaka 1977, aliandika juu ya kijana anayerithishwa uchawi na baba yake, na jina la kitabu lenyewe limeshasema kwamba urithi huo una gharama.

Nimeulizwa kama Kiswahili kina kisa cha zamani chenye viungo hivi vyote. Kipo, na ni kikubwa: Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu alikiandika kwa utenzi mwaka 1913. Kuna uhasama wa damu, kati ya Liyongo na sultani wa Pate, jamaa yake. Kuna siri ya mwilini, kwamba silaha hazimdhuru ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Na kuna ahadi ya ndoa: sultani anamwambia mtoto wa Liyongo, lete siri ya baba yako, umuue, nami nitakuoza binti yangu. Mtoto akafanya. Liyongo akatoka na upinde wake hadi kisimani, akapiga goti, akafa akiwa amelenga, na watu wa mji wakakaa bila maji kwa siku kadhaa wakiogopa kuisogelea maiti. Kijana hakuipata ndoa aliyoahidiwa.

Viungo vyote vipo, lakini ndoa pale ni chambo, hakuna aliyependa. Mwandishi wa mahaba ya mizungu akikichukua kisa hicho leo, asingeanzia kisimani. Angeanzia chumbani kwa binti wa sultani, usiku ule anaposikia kwa mara ya kwanza kwamba ametajwa kuwa malipo ya sindano.