Mtoto anayekataa noti ya 500: maswali ya wazazi wa Goma

Binti yangu ana miaka minne. Nikimpa noti moja ya franka 500 analia. Nikimpa tatu za 100 anaruka kwa furaha. Akili yake ina kasoro?

Hapana, mama. Katika umri huo macho ndiyo yanayoamua: noti tatu ni nyingi kuliko moja, basi. Jean Piaget, mtafiti wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, alilionyesha jambo hili kwa maji. Jaribu nyumbani. Jaza vikombe viwili vinavyofanana, mpaka mtoto akubali kuwa viko sawa. Mbele yake, mimina kimoja ndani ya chupa nyembamba, kisha muulize wapi kuna maji mengi. Atakuonyesha chupa, kwa sababu maji yamepanda juu. Yarudishe kikombeni, atakubali yako sawa. Yamimine tena, ataonyesha chupa ile ile! Usimcheke, na nakuomba sana, usimpige. Muulize, "Umejuaje?" Kisha nyamaza umsikilize.

Atabadilika lini?

Wengi hubadilika kati ya miaka 6 na 8. Mazoea ya mikono husaidia: huko Meksiko, watoto wa wafinyanzi waliwatangulia wenzao katika jaribio kama hili lililofanywa kwa udongo. Kwa hiyo mtoto anayepanga mafungu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mama yake pale mtaa wa Birere anajifunza hesabu, mradi shule isikose.

Kijana wangu wa miaka 14 anabishia kila kitu.

Kuanzia miaka 11 au 12 mtoto anaanza kupima mambo asiyoyaona: "Na kama ingekuwa hivi?" Ubishi ni mazoezi yake. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Bado anahitaji mtu mzima karibu.

Ni wakati gani niende kituo cha afya?

Nenda kama mtoto wa miezi 18 hasemi neno hata moja, kama hageuki akiitwa, au kama amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Masikio yapimwe kwanza. Upungufu wa damu na utapiamlo pia hupunguza uwezo wa kujifunza. Na hapa kwetu lipo jambo jingine: mtoto aliyekimbia risasi, anayeshtuka usiku na kukojoa kitandani tena, anaweza kusahau darasani hata yale aliyoyajua. Huyo si mvivu. Mwambie mwalimu wake yaliyompata, na umweleze muuguzi.