AC kuiweka 16 hakuiongezei nguvu, na friji namba 7 sio turbo

Wiki hii nimeitwa tena mahali, AC "mbovu, haipozi". Nafika, split ya kawaida sio inveta (ile inayobadili kasi ya kompresa), rimoti inasoma 16, feni iko chini kabisa, pazia wazi na jua la saa nane la Dar linaingia lote mpaka kitandani, na mwenye nyumba ananiambia kwa uhakika kabisa, "Fundi, nimeishusha mpaka 16 ili ipoe chapchap." Kaka, kama haraka yako ni hiyo ungefunga pazia na kupandisha feni, hiyo 16 haijakusaidia kitu. Na wala sio yeye peke yake, watu wengi sana mjini hapa wanaamini rimoti ni pedali ya mafuta, ukikanyaga sana gari inakimbia.

Sio hivyo. Kwenye AC isiyo inveta kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ina hali mbili tu, inazunguka au imesimama. Ukiweka 24 inazunguka kwa nguvu ileile ambayo ingezunguka ukiweka 16. Chumba kikiwa na nyuzi 32, kushuka mpaka 24 kunachukua muda uleule uweke 24, uweke 20, uweke 16. Tofauti inakuja baada ya hapo: ukiweka 24 ikifika inakata inapumzika, ukiweka 16 inapita 24 inaendelea, na kwa joto letu la Februari na mlango unaopitisha hewa chini hiyo 16 haifiki ng'o, kwahiyo kompresa haikati, uniti za Luku zinayeyuka, alafu saa tisa usiku jua halipo unaanza kutafuta blanketi.

Themostati, kile kinachosikia joto na kuiambia kompresa iwake au ikate, inajua maneno mawili, "bado" na "basi". Ndo ilivyo tangu inazaliwa. Kuna mwalimu mmoja wa Marekani, Warren Johnson, alikuwa anafundisha chuo cha walimu pale Whitewater, Wisconsin, kule baridi ni la kufa mtu, na mhudumu wa tanuru la kupasha joto jengo ilibidi apite darasa moja moja kuangalia wapi kuna joto wapi hakuna ndo arudi chini kurekebisha. Johnson akaunda kidude cha ukutani, akapata hataza yake 1883, na unajua kilikuwa kinafanya nini? Kilikuwa kinapiga kengele. Darasa likifika kiwango umeme unaunga, kengele inalia kule chini, jamaa anajua la kufanya. Kengele haishiki koleo ikaongeza makaa. Mwaka 1885 akafungua kampuni Milwaukee, na mambo ya kujiendesha yenyewe yakafuata. Kabla yake kulikuwa na Andrew Ure, Mskoti, hataza ya 1830, vipande viwili vya metali tofauti vimebandikwa pamoja, kimoja kinatanuka kuliko mwenzake basi kinajikunja, na nyuma zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1600, Drebbel Mholanzi aliyekuwa Uingereza alitumia zebaki kufunga na kufungua hewa ya moto kwenye kitotoleshi cha mayai ya kuku. Wote hao ni bado na basi. Hakuna hata mmoja aliyebuni "haraka".

Sasa tuje kwenye friji maana huko ndo nina hasira zaidi.

Friji nyingi za kawaida, zile zisizo nofrosti (nofrosti ni zile zisizojenga barafu ndani), themostati yake ni kiboksi chenye mkia wa shaba mwembamba kama spoku. Ndani ya mkia kuna gesi kidogo, mkia unabana kwenye bati la nyuma linalopoza, bati likipata joto gesi inatanuka, inavimbisha kifuko ndani ya kiboksi, kifuko kinasukuma springi na kontakti inaunga. Ukizungusha kitufe unakaza au kulegeza springi, basi. (Kwa mafundi wenzangu: mkia ukipasuka gesi ikatoka, themostati inadhani kuna baridi kali na friji HAIWAKI kabisa, kwahiyo mteja akikwambia inagandisha mpaka nyanya usikimbilie kusema gesi ya themostati imevuja, angalia kwanza kama mkia haujachomoka kwenye bati au kontakti zimegandana.)

Hapa ndo pale ambapo hata mafundi wengi wanapita haraka. Watu wanadhani ukitoka namba 3 kwenda 7 unashusha kila kitu, pa kukatia na pa kuwakia. Kwenye themostati za aina hii pa kuwakia hapasogei! Uweke 1 uweke 7, kompresa inarudi pale bati linapofika kama nyuzi 4 JUU ya sifuri. Kinachosogea ni pa kukatia peke yake, yani bati litashuka mpaka wapi kabla ya kuambiwa basi, namba ndogo labda kumi na kitu chini ya sifuri, namba kubwa inapita ishirini. Na wamefanya hivyo makusudi, kwasababu ili kompresa irudi lazima bati lipande kwanza juu ya sifuri, maana yake kila mzunguko barafu ya bati inayeyuka, maji yanateremka kwenye kitundu kule nyuma mpaka kwenye kibakuli juu ya kompresa. Yale matone unayoyaona ukuta wa nyuma ni friji nzima kabisa inafanya kazi yake, usinipigie simu.

Sasa wewe una sherehe, umejaza kreti mbili za soda za moto, unafungua mlango kila dakika, unaweka 7 "ipoe haraka". Kwa joto la jikoni kwako bati halifiki kule ishirini na kitu. Halikati. Lisipokata halipandi, lisipopanda haliyeyushi, barafu inaanza kujijenga juu ya bati, leo kama unga, kesho kutwa imekuwa gamba nene kama kidole, na barafu inazuia baridi kutoka kwenye bati kuja kwenye soda. Unajua matokeo? Friji inaungurumia mchana na usiku, ukuta wa nyuma ni Kilimanjaro, na maziwa ya rafu ya chini yanaganda mtindi. Namba 7 imekuletea friji ya MOTO. Alafu fundi anaitwa, anasema gesi imeisha, anajaza gesi. Mungu anaona.

Rudisha 3 au 4, zima, yeyusha, usichokoe kwa kisu tafadhali.

Kitu kingine kinachonisumbua ni hili la "themostati inachelewa kurudi". Kuchelewa ndo kazi yenyewe. Kompresa ikisimama, upande mmoja una presha kubwa mwingine ndogo, zinahitaji dakika tatu mpaka tano kulingana, ukiiwasha kabla mota inashindwa kuzunguka, inavuta ampea za ajabu, kile kidude cheusi ubavuni mwa kompresa cha kuilinda mota kinapata moto kinakata, tik. Hicho nacho kina kibati ndani, kimepinda kama kisahani, kikifika joto lake kinageuka upande wa pili ghafla. Alikibuni Mmarekani John Spencer, na ule ughafla ndo uzuri wake kwasababu kontakti ikifunguka polepole cheche zinaiunguza. Sasa unakuta fundi wa kona kafungua themostati, kaona viskrubu viwili, kakaza ili friji "isichelewe". Imekuwa inakata na kurudi kila baada ya dakika moja. Miezi michache kompresa inakwenda chuma chakavu na mteja anaambiwa umeme wa Tanesco ndo umeua.

Lakini kuna sehemu nalegea. Kwenye inveta mambo sio bado na basi, bodi inaangalia pengo kati ya joto la chumba na ulichoweka, pengo likiwa kubwa inazungusha kompresa kwa kasi zaidi. Kwahiyo mtu wa 16 kwenye inveta anaweza akawa na hoja, hasa chumba kikiwa tayari kimekaribia, ingawa ukiwasha chumba kikiwa kinawaka moto nyingi zinaanza kwa kasi kubwa tu hata ukiweka 23. Kila kampuni ina programu yake na hawakuandikii kwenye kitabu. Alafu kuna unyevu. Pwani hapa kompresa ikizunguka muda mrefu inakamua maji mengi hewani, na mtu anajisikia vizuri kwenye hewa kavu hata kama kipimo hakijashuka sana. Nimewahi kubishana na wazee wanaosema "nikiweka 18 napumua vizuri" na mwisho naona wanachokisikia ni cha kweli, sababu wanayoitoa ndo sio.

Na sensa ya split inakaa kwenye hewa inayoingia juu ya yunit ya ndani, karibu na dari. Inapima dari, haikupimi wewe uliyelala chini. Ukiona 24 yako sio 24 ya jirani sio lazima kuna kitu kibovu.

Watu wa Njombe na Makete, friji yenye themostati moja tu, ya upande wa friji, na friza juu, friza ikiyeyuka Julai msikimbilie fundi. Chumba kikiwa na nyuzi 8 usiku, bati la friji halipati joto la kutosha kuiambia kompresa irudi, na friza haina sauti yake. Angalieni stika, herufi za daraja la hali ya hewa: ikiandikwa T au ST imetengenezwa kwa chumba kisichoshuka chini ya nyuzi 16, N pia. SN inaenda mpaka 10. Ihamishieni jikoni kwenye jiko la mkaa, mbali kidogo na moto.

Na mtakaonipigia simu kutaka niruke themostati niunge dairekti "maana ya Kariakoo feki zote", mimi siungi. Leteni ile ya zamani niione mkia kwanza, na kabla hamjaileta badilisheni raba ya mlango.