Bingwa wa League One haendi Ligi Kuu

Kila msimu wa soka la Uingereza unapoelekea ukingoni, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: klabu fulani ndogo imetwaa ubingwa wa League One, basi msimu ujao itacheza Ligi Kuu. Si kweli. League One ni daraja la tatu. Juu yake ipo Championship, ndipo ije Ligi Kuu.

Kuchanganyikiwa hapa ni rahisi, maana jina lenyewe linapotosha. Daraja hilohilo liliitwa la Tatu hadi Ligi Kuu ilipojitenga mwaka 1992, likageuka la Pili, na mwaka 2004 likawa League One. Jina limepanda mara mbili. Daraja liko palepale.

Timu ni 24, mechi 46 kwa kila moja, si kazi ndogo. Mbili za juu hupanda moja kwa moja, na ya tatu hadi ya sita hugombea nafasi moja kwa mchujo. Zote tatu huishia Championship.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Fungua msimamo wa ligi usome maelezo yaliyo chini yake, au subiri ratiba mpya utazame wapinzani. Hata anayepanda mfululizo anahitaji misimu miwili kufika Ligi Kuu.