Nyutro peke yake hailindi giaboksi

Marekani, watu wengi husafiri na gari-nyumba huku wakivuta pikapu nyuma yake, matairi yote manne yakiwa barabarani. Wakifika kambini, gari-nyumba linabaki pale, wao wanazunguka mjini na pikapu. Wapo wanaoamini kwamba ukishaweka gia nyutro, pikapu inaserereka tu na hakuna kinachoumia. Si kweli, na imani hiyo huua giaboksi nzima.

Kwenye giaboksi nyingi za otomatiki, pampu ya oili huendeshwa na injini. Ukizima injini, pampu nayo imesimama. Lakini matairi ya nyuma yanazungusha propela shafti, nayo inazungusha vyuma vya ndani ya giaboksi. Nyutro huvitenganisha vyuma hivyo na injini. Lakini na matairi, vyuma hivyo bado vimeungana. Basi vinasagana bila kulainishwa, mwendo wa mamia ya kilomita, na dereva aliye mbele hasikii chochote.

Kinachookoa ni nyutro ya pili, ile ya transfa, kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma kwenye pikapu za 4x4. Hiyo ndiyo hukata propela zisiizungushe giaboksi. Baadhi ya watengenezaji huagiza giaboksi yenyewe iachwe kwenye P (gia ya kuegesha), jambo linaloshangaza wengi. Ila si kila transfa ina nyutro. Soma kitabu cha gari lako, la mwaka na modeli ileile. Pikapu ya otomatiki isiyo 4x4, fungua propela au ipandishe kwenye tela.