NCAA haihamishi timu za vyuo
Wengi hudhani timu za futiboli ya vyuo vikuu Marekani hupangiwa ligi na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, au hupanda na kushuka daraja kama kwenye soka letu. Sivyo. Chuo chenyewe huamua kuhama, mradi ligi mpya ikubali kukipokea. Kivutio kikubwa ni pesa za televisheni: mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliiondolea NCAA udhibiti wa haki za matangazo, zikawa mikononi mwa vyuo na ligi zao. Ndiyo maana mwaka 2024 timu za vyuo vya USC, UCLA, Oregon na Washington zilihamia ligi ya Big Ten, ambayo licha ya jina lake (“Kumi Kubwa”) ikawa na wanachama 18. Pac-12, ligi zilikotoka timu hizo, ikabaki na Oregon State na Washington State tu. Hawa hawakushushwa daraja; waliachwa na wenzao, na kwangu huo ni uonevu.