Si Mithali zote ni za Sulemani

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kitabu cha Mithali chote kilitoka kinywani mwa Sulemani. Lakini kitabu chenyewe kinataja wengine: Aguri katika sura ya 30, Lemueli katika sura ya 31.

Linalonigusa zaidi ni Misri. Mwaka 1923 yalichapishwa Mafundisho ya Amenemope, maandishi ya Kimisri ya sura 30, ambayo wataalamu wengi huona yalitungwa kabla ya zama za Sulemani. Mwaka uliofuata, Adolf Erman, Mjerumani mtaalamu wa Misri ya kale, alionyesha jinsi yanavyofanana na Mithali 22:17 na kuendelea. Usimwibie maskini, usisogeze mpaka wa shamba, usifanye urafiki na mwenye hasira: yote yamo katika vitabu vyote viwili. Amenemope anasema mali huota mabawa kama bata bukini ikarukia mbinguni. Mithali 23:5 inasema kama tai. Ndege kabadilishwa, wazo ni lilelile!

Wapo wanaodai Mmisri ndiye aliyeiga. Tarehe zinawakatalia. Wala mwandishi wa Kiebrania hakunakili tu: alichagua, akafupisha, akamweka Bwana kuwa mtetezi wa maskini.